Ufito wa Nyapara

Wale wachumaji watatu wageni walikuwa wanajeshi. Katika shamba lote la chai, nje kidogo ya Roret, mwaka ule wa tisini na tatu, aliyejua hivyo ni nyapara peke yake.

"Anayeficha mihadarati kwa magunia ya majani, mlazie ufito mbele yake," walikuwa wamemwambia. "Hiyo ingine tuachie."

Nyapara alimjua. Alikuwa pale kwa trekta, akitafuna mahindi ya kuchoma na kucheka kwa sauti: shemeji ya mheshimiwa. Na mheshimiwa ndiye aliyempa nyapara kazi na nyumba, na angemnyang'anya zote kwa neno moja.

Nyapara akashika ufito wake, akapita trekta akiangalia viatu vyake mwenyewe, akaingia kwa mistari ya chai mpaka kwa Nyamweya, mchumaji aliyetoka Kisii, ambaye hakuwa shemeji ya mtu yeyote mkubwa. Juzi tu alikuwa amewaletea watoto wa nyapara ndizi.

Akaulaza ufito juu ya chai, mbele yake.

Kwa wachumaji, hiyo maana yake ni kwamba hujachuma kwa usawa, rudia.

"Ai, nyapara! Leo umeamka na mimi?" Nyamweya akacheka, akainama, akafunga jicho moja kupima. "Lakini ni kweli, hapa imepanda. Pole, bwana. Ngoja nisawazishe."

Nyuma yake vikapu vitatu vikawekwa chini.

Vidole vyake, vyeusi kwa utomvu, viliendelea kuchuma jani moja moja, polepole, asije akamuudhi nyapara tena.