Vidonge Vilivyobaki

Msellem aliporudi safari ya mwezi mzima aliikuta pakiti ya vidonge vya maumivu juu ya kabati, vile vile alivyoiacha. Akashangaa. Mkewe, Mwanahija, hakuwahi kumaliza wiki bila dawa. Kila mara kichwa kilimbana kama kilichokazwa kamba.

“Hukuumwa?”

“Sikuumwa hata kidogo.”

Wivu ukamchoma. Akaingia chumbani, akanusa mito, akachungulia uvunguni.

“Nani alikuwa akija hapa?”

“Hakuja mtu, baba Saumu.”

“Basi nani kakuponya?”

Mwanahija aliketi kitandani, akakishika kichwa kwa mikono miwili, akafumba macho.

“Kimeanza,” akasema taratibu. “Hebu nipe viwili, na maji.”

Msellem akaleta maji, akasimama kizingitini na glasi mkononi. Begi lake lilikuwa bado halijafunguliwa.