Kanda ya Stendi ya Buzuruga

Uvumi ulimkaa Paskazia kooni kama mwiba wa sato: kuna kanda zinagawiwa kwa vijana Mwanza nzima, na kijana akishazisikiliza anabadili dini, mama hana mtoto tena.

Tangu hapo hakumwamini mtu. Zaidi ya wote hakumwamini Abeid, fundi redio Mwislamu wa stendi ya Buzuruga, kwa sababu Moza, binti wa Abeid, alikuwa haachani na Rebeka, binti wa Paskazia mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Moza alisalimu mlangoni.

Paskazia akaendelea kupepeta mchele. Marahaba hakuitoa.

"Mama, leo masikio umeyaweka wapi?" Rebeka alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Hofu yake Paskazia aliipeleka kwa Venant, kiongozi wa maombi ya akina mama pale Mabatini. Wengine walimcheka, Venant hakumcheka. Alimketisha mezani, karibu kabisa na redio yake mpya ya deki mbili za kanda.

"Sema yote, mama. Usibakize kitu moyoni."

Alisema mpaka sauti ikamkauka. Akarudi nyumbani mwepesi.

Baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, akaikuta kanda ndani ya mkoba wa Rebeka.

"Umeitoa wapi hii?"

"Stendi. Vijana wote wanayo. Jana wameisikiliza, halafu wakaenda kuchoma kibanda cha mzee Abeid, naye yumo ndani. Yuko hospitali, hajafumbua macho."

"Abeid? Si ndiye anayezigawa?"

Rebeka akaitia kanda kwenye redio, akabonyeza.

Ilitoka sauti ya mwanamke, kali, ya puani. Paskazia hakuijua, lakini vinyweleo vilimsimama.

"Shetani huyu," alisema. "Hivi na yeye ana mtoto kweli?"

"Anaye mmoja. Sikiliza mpaka mwisho, mama."

Sauti ikaendelea, taratibu, kama mtu anayefundisha darasa:

"Msinunue kwao.

Msile kwao.

Msiwapangishe hata chumba.

Watoto wenu wasikanyage uani kwao.

Yule fundi wa stendi msimwonee huruma, anatumalizia watoto.

Na asiyeniamini aje aniulize. Mimi ni mama Rebeka, wa hapa Mabatini."