Msumari Niliokuja Nao

Ukuta ulikuwa bado unanuka chokaa. Mume wangu aliupapasa kama ng'ombe wa mnada, huku karani akingoja mlangoni asikie kama tunanunua nyumba. Ilikuwa 1957, na sisi Waafrika hatukuwa tumewahi kuulizwa swali kama hilo Nakuru.

"Ni mbali na stesheni, Nasambu," mume wangu alisema. "Na hili vumbi! Hata mti hakuna. Tungoje kwanza tuone nani mwingine anahamia."

Tungoje! Miaka yote tuliyokaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, koti lake la kazi lililala juu ya sufuria zangu, kwa sababu tulikatazwa kutoboa ukuta. Likinuka samaki, ananilaumu mimi.

Nilifungua fundo la leso, nikatoa msumari niliokuja nao. Nikaokota jiwe lililoachwa na mafundi, nikagonga. Chokaa ikanidondokea usoni.

"Mama!" karani akapiga kelele. "Ukuta huo una mwenyewe!"

"Ndiyo. Anaitwa Nasambu," nikasema, nikagonga tena mpaka msumari ukashika.

Karani alimgeukia mume wangu. Mume wangu aliutazama msumari, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti.