Kuku wa Shukrani

Kila muumini wa kanisa lile la Kamukuywa alijua kwamba mavuno yakishawekwa madhabahuni, aliyeyaleta hana ruhusa ya kuyagusa tena. Mama atakayevunja sharti hilo huvuliwa kitambaa cheupe cha ushirika wa akina mama.

Wilkista alikuwa ameleta kuku wake wa pekee, kumshukuru Mungu aliyemwinua mwanawe kutoka kitanda cha hospitali.

Lakini siku hizi mavuno yalinadiwa, ili kanisa lipate skrini kubwa kuliko ile ya wenzao wa Kitale. Tajiri mmoja wa mahindi alimnunua kuku yule, akamrudisha anadiwe upya; mwingine naye akafanya vivyo hivyo, huku waumini wakishangilia.

"Mwinue juu kidogo, Pasta, mama watoto anapiga picha," tajiri alisema. "Huyu kuku leo ni staa, bana."

Kuku alining'inia kichwa chini, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, mdomo wazi, ulimi wake mwembamba ukitetema kwa kiu.

Wilkista aliinuka, akapita katikati ya viti, akamtwaa kuku mikononi mwa mchungaji na kuanza kuifungua ile kamba.

"Mama, si unajua huyo si wako tena?"

"Najua, Pasta. Nilimpa Mungu. Ni nyinyi mnaomrudisha."

Kabla hajaamriwa, alikivua kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakilaza madhabahuni.

Tajiri wa mahindi akakitazama kitambaa, akainua mkono na kutaja bei.