Lori Moja kwa Kila Kiwanda

"Usiguse," Ndugu Tak alimfokea, akampokonya katoni mikononi. "Wafanyakazi ni wangu. Watapakia wenyewe."

Pyo Gi-cheol, mtu wa Korea Kusini, akarudi nyuma. Miaka kumi na moja amekuwa meneja wa kiwanda hiki cha viatu hapa Kaesong, ndani ya Korea Kaskazini, na hajawahi kumwamuru mshonaji hata mmoja. Kila neno lilipitia kwa mama huyu, kiongozi wa wafanyakazi wa Kaskazini. Leo serikali mbili zimenuniana tena. Watu wa Kusini wametakiwa wavuke mpaka kabla ya saa kumi na moja jioni, lori moja kwa kila kiwanda. Kinachobaki kinataifishwa.

Ofisa wa usalama alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Alikwishapata mnunuzi: viatu vitakavyobaki vinakwenda China kesho, kiwanda kifungwe. Huko Seoul nako, wenye kampuni walilingoja lori wauze kitakachofika, Kaesong waisahau. Wale wanawake mia mbili waliokuwa wakipanga viatu kwenye katoni tangu alfajiri, hakuna aliyewauliza kesho watakula nini.

"Mtavivaa kwa raha viatu vya watu?" Pyo akasema kwa sauti, wote wasikie.

"Tumeshona sisi, mzee," Ndugu Tak akamjibu. "Kila mtu aondoke na mguu wake."

Ofisa akacheka. Wanawake wakapakia mbiombio, vichwa chini, mpaka matairi yakabonyea. Hakuna aliyeaga. Pyo hakugeuka nyuma, maana angegeuka angelia mbele ya yule ofisa, na hilo hakutaka kumpa.

Upande wa Kusini, kijana wa forodha alifungua katoni ya kwanza. Akafungua ya pili. Alipofika ya tano akamtazama Pyo kwa huruma.

"Mzee, umepigwa. Vyote ni vya mguu wa kushoto."

"Una hakika?"

"Jionee. Vya kulia wamebaki navyo. Hapa huna cha kuuza, mzee wangu. Na wao sijui watamuuzia nani vya kulia vitupu. Watu gani hawa?"

Pyo akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi.

"Kagua zote, mwanangu," akasema. "Vya kulia ni vya Ndugu Tak. Kama kimenifuata hata kimoja, nikamrudishie. Jozi tutazikutanisha kiwanda kikifunguliwa."