Damu ya Kina Musembi

Siku ya kwenda kutolewa damu, Syokau aliamka na goti bovu.

"Wamunyu ni mbali," alimwambia binti yake Nduku. "Enda wewe na mtoto. Damu yangu ya uzee itasaidia nani?"

"Mwaitu, wamesema hata nyanya atoe. Na si Wamunyu unaenda kila mwezi kuuza vyondo?" Nduku alimjibu mama yake.

Syokau alichukua kiondo chake, wakaondoka Katelembo.

Mwaka huo wa 2004 watafiti walikuwa wamepiga kambi kwenye zahanati moja huko Wamunyu, wakitafuta katika damu za familia chanzo cha usonji. Ndiyo hali aliyokuwa nayo Masila, mwanawe Nduku, ambaye alifika miaka saba bila kutamka neno. Nduku hakuwa akitafuta dawa. Alitaka kujua jambo moja tu: ilitoka upande gani?

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Alitangaza mbele ya ukoo kwamba ubovu umeletwa na mke. Habari zilipomfikia Syokau, alikwenda hadi Muthetheni kwa wakwe hao, akashika Biblia, akaapa: "Kwetu mtu kama huyo hajawahi kuzaliwa!" Kisha akamshika binti yake mkono, akamrudisha nyumbani.

Musembi alimfuata mkewe mara nyingi. "Hata kama ni kwenu, rudi. Mimi sijali."

Nduku alimfukuza. Alalaje nyumba moja na watu wanaomsingizia huku wakificha yao? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na nguo yenyewe ilikuwa Musembi. Pasaka iliyopita Musembi alichoka kubembeleza, akaoa mwingine. Nduku alilia mpaka sauti ikamkauka. Syokau alimpangusa machozi kwa leso yake mwenyewe.

"Wacha aende. Hawakukustahili."

Sasa Nduku aliingia zahanati akiwa ameinua kichwa. Damu ingewaumbua. Angeenda na majibu hadi Muthetheni, ayasome kwa sauti mbele ya mama mkwe, na Musembi ajue alichokipoteza.

Kwenye benchi alikaa mwanamume wa miaka kama arobaini, nguo zimejaa vumbi la karakana ya wachongaji. Alikuwa akipanga vipande vya mbao mstari mmoja, hamtazami mtu. Masila, ambaye hukimbia wageni, alimwendea, akaketi, akaanza kupanga naye. Nduku aliduwaa.

Yule mwanamume aliinua macho. Akasimama, akaja moja kwa moja hadi kwa Syokau, akatia mkono ndani ya kiondo bila salamu wala ruhusa, akatoa ndizi, akarudi benchini kuimenya.

Nduku alingoja mama yake afoke. Syokau alitazama sakafu.

Mlango ulifunguliwa, nesi akachungulia.

"Mama Mwangangi! Afadhali umekuja," alimwambia Syokau. "Damu ya kijana wako tulichukua wiki jana, yako ndio imebaki."

Kisha akamtazama Nduku, akamtazama mla ndizi, akamtazama tena Nduku.

"Ngai! Miaka yote hiyo unamletea chakula hapa Wamunyu, na hujawahi kuniambia Mwangangi ako na dada?"