Karatasi ya Mfuko wa Shati

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye vyeo na wasio na vyeo, kwamba siku ile saa nne na robo asubuhi haki ilianza kutendeka duniani. Ilitendeka kwa rula ya plastiki, nyuma ya rafu ya mwisho ya maktaba ya shule, na mtenda haki mwenyewe alikuwa amepiga magoti huku kidole gumba cha mguu kikichungulia kwenye soksi.

Bweni zima lilimwita Profesa. Kwa rula hiyo alikuwa akibandua karatasi ndani ya jalada la nyuma la kitabu chekundu cha kujifunzia lugha ya kompyuta. Kitabu kilikuwa cha zamani. Lugha yenyewe ilikuwa imeshabadilika, na karibu kila mfano uliokuwemo ulikuwa ukigoma. Ndiyo maana mkutubi alikuwa amechapa masahihisho ukurasa mzima na kuyabandika kwa gundi. Bila karatasi ile, msomaji angefuata kila neno kwa utiifu, na kompyuta ingemjibu kila mara kwamba amekosea.

Karatasi ikatoka. Profesa akaikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, pale wanajeshi wanapovaa nishani.

Adui yake alikuwa kiranja wa chumba cha kompyuta, aliyevaa funguo za chumba hicho shingoni hata akienda kuoga, kwa hiyo aliitwa Funguo. Kosa lake halikuwa na msamaha. Profesa alikuwa ametumia wiki saba kumtengenezea baba yake, fundi cherehani, mchezo wa kompyuta: mkasi unakimbia juu ya kitambaa, mchezaji anauongoza, akizubaa suruali inatoka na mguu mmoja. Baba angeuona siku ya wazazi. Asubuhi ya siku hiyo Funguo akasafisha mashine zote ili zipendeze mbele ya wageni, akafuta kila asichokijua. Hakuuliza mtu.

Baba alikuja na koti lake la pekee. Akavaa miwani, akainama mbele ya kioo kitupu cha kompyuta, akangoja. Kisha akaivua, akairudisha mfukoni, akasema si kitu, mambo haya hata hivyo asingeyaelewa. Profesa alimsindikiza mpaka getini. Hapo ndipo alipoapa.

Na tazama bahati. Wiki ya mwisho ya muhula mwalimu wa kompyuta alitangaza kwamba wakifungua shule, kiranja asiyeweza kuandika hata programu ndogo atanyang'anywa funguo. Siku mbili baadaye Funguo akamfuata Profesa kwenye meza ya vitabu vikuukuu ambavyo maktaba ilikuwa ikivigawa bure. Alikuwa mpole kuliko kawaida yake.

"Nichagulie kimoja," alisema. "Cha mtu anayeanza kabisa."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Ana haya ya kuuliza."

Profesa nusura apasuke kwa kicheko. Hivyo hivyo ndivyo watu wanavyomwambia daktari kwamba anayejikuna ni rafiki yao. Akauliza, kwa sauti ya muuguzi, kama huyo mtu ana nafasi ya kusoma. Funguo akasema atasoma jioni, akishamaliza kazi zake. Akaomba pia herufi zisiwe ndogo.

"Niachie mimi, kaka. Kesho saa nne na nusu."

Mezani palikuwa na kitabu cha kijani, cha herufi kubwa na picha, ambacho hata mbuzi angekielewa kabla ya kukitafuna. Profesa alikisukumia chini ya rundo la ramani. Akachukua chekundu, ambacho herufi zake zilikuwa msafara wa sisimizi. Kesho yake rula ikafanya kazi yake, na saa nne na nusu kamili Funguo akakipokea kwa mikono miwili.

"Na akikwama?"

"Akikwama, kosa ni lake," Profesa alisema. "Mwambie arudie tangu mwanzo. Asiruke hata mstari."

Wiki tatu za mwanzo za likizo Profesa alikuwa kwa shangazi yake, ambaye alishangaa mtoto huyu anachekea nini wakati wa kuosha vyombo. Kichwani alikuwa akimwona Funguo akigonga vitufe na kutukana, akirudia tangu mwanzo, akizivua zile funguo mbele ya shule nzima. Kila alipobadili shati aliihamisha karatasi yake.

Alirudi kwao mchana. Katika chumba cha kazi cherehani ilikuwa imefunikwa, na nguo za wateja zimelundikana kitini. Kwenye meza ya kukatia palikuwa na kompyuta ya kuazima. Baba alikuwa ameinama, miwani puani, futi ya kupimia shingoni, kidole kikifuata mstari mmoja mmoja wa kitabu chekundu.

"Rafiki yako wa funguo alinitumia hiki," alisema. "Aliniomba radhi kwa ule mchezo, akauliza anifanyie nini. Nikamwambia nataka siku moja niweze kuongea na mwanangu kuhusu kazi yake."

Profesa akabaki mlangoni na begi lake.

"Nimerudia tangu mwanzo mara kumi na moja," baba akaendelea. "Nadhani kichwa changu ndicho kibovu. Ila kijana aliniambia umenichagulia wewe, basi nikaona siwezi kukiacha."

Akafunua jalada la nyuma, akapapasa alama mbili za gundi kavu.

"Hapa palikuwa na karatasi. Hujui ilikuwa ya nini?"

Profesa akapeleka mkono mfukoni mwa shati.

"Ninayo, baba."